Mashahidi Wanne wa Jumba la Mgebuka

"Bonyeza, Bi Mwavita!"

"Sibonyezi."

"Saa sita hii! Saa tisa maji yanafungwa. Bonyeza yaishe!"

"Kidole changu, na kitufe kiko kwangu. Ukiona mkono unakuwasha, Almasi, teremka kabonyeze pasi."

Almasi dobi alikuwa amesimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mwingine nje, mikono imejaa povu hadi viwikoni. Nyuma yake, ng'ambo ya ujia, Bi Kashindi alikuwa anafagia. Tangu ugomvi uanze alikuwa anafagia mahali pale pale, pa upana wa sinia, na pamekwisha takata mpaka panateleza.

"Nina mashuka ya hoteli nzima mule chini," Almasi akasema. "Yote yana sabuni. Unajua shuka likikaukiwa na povu linakuwaje? Kama papa mkavu! Unalisimamisha ukutani."

"Basi lisimamishe."

"Samaki wanne! Kila mmoja kidole gumba kinamzidi, nao ndio watufungie maji jumba zima! Kwani wanaogopa nini hao?"

"Wanakuogopa wewe na hiyo sauti yako ya mnadani."

"Ndugu mlezi," likasema sanduku la ukutani, kwa Kiswahili chake cha taarifa ya habari, "mashahidi hawaonekani. Muda uliosalia kabla ya kufungwa maji ni saa mbili na dakika hamsini na nane."

"Umemsikia Karani?" Almasi akaruka. "Hata yeye anakwambia!"

"Na wewe Karani nyamaza," Bi Mwavita akaligeukia sanduku. "Hapa wanazungumza watu wazima."

Akamsukuma Almasi taratibu kwa kiganja kifuani, akafunga mlango. Kisha akasimama katikati ya sebule yake iliyo tupu, tupu kabisa, bila mgeni hata wa dawa, akalitazama lile tangi la kioo lililofunikwa kanga. Akafunua pembe. Mchanga mweupe. Makombe sita ya konokono. Katika mdomo wa kombe moja, jicho moja, dogo kama punje ya mtama, likamtazama. Likarudi ndani.

"Haya," akanong'ona. "Nimekuona, na wewe umeniona. Salamu tu hiyo."

*

Watoto wa siku hizi hawaamini, lakini kulikuwa na wakati maji yalipimwa kwa mashine. Mashine ikasema salama, watu wakanywa, watu wakaugua. Na ilipochunguzwa, mashine haikuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa yule aliyeishika. Ndipo Bodi ya Mashahidi ikaja na wazo la samaki. Samaki hapokei bahasha. Samaki hana shemeji ofisini.

Kila jumba likapewa tangi moja, limeungwa kwenye bomba kuu kabla ya koki, maji yapite kwa samaki kwanza ndipo yaende kwa binadamu. Kijicho kilichobandikwa juu ya kioo kinasoma mapigo ya moyo wao. Wakiogelea wametulia, taa ya ukutani inakuwa ya kijani na koki inabaki wazi. Wakijificha dakika tano mfululizo, taa inakuwa nyekundu na koki inajifunga. Wakitoka, inafunguka. Huna pa kukata rufaa. Wapya tu ndio wanaopewa siku tatu za kuzoea, maana hata waliotunga sheria hiyo walilelewa na bibi zao: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Katika Jumba la Mgebuka, mtaa wa juu wa Ujiji, tangi liliwekwa kwa Bi Mwavita ghorofa ya kwanza kwa sababu mbili. Bomba kuu linapita nyuma ya ukuta wake. Na mlango wake haufungwi. Kwake ndiko mahali pa kahawa, pa karata, pa kusukana, pa kujua nani kaposa na nani karudishiwa posa. Mashahidi wa zamani, mume na mke, waliishi humo miaka tisa, wakawa na tabia za nyumba ile ile. Bi Mwavita aliapa kwamba jina la mtu likitajwa walikuwa wanasogea kiooni. Wakafa kwa uzee, wiki moja, mmoja hakuvumilia kubaki bila mwenzake. Siku tisa zikapita bila shahidi, taa imefunikwa kitambaa, ndipo likaja boksi la wapya.

Na hapo jumba zima likakosea kwa pamoja.

Mgeni anapokelewa. Ndivyo walivyolelewa. Boksi lilipofikishwa mlangoni, vigelegele vilipigwa kutoka ghorofa ya sita hadi chini. Bi Kashindi alikuja na dufu. Watu walijipanga kumwona mgeni kama wanavyojipanga kumwona bibi harusi, na kila aliyepita alibisha kioo kwa kucha, ko-ko-ko, "Karibuni, jamani, karibuni!" na kila aliyebisha akadondosha kidogo cha mkononi: chenga ya andazi, punje ya wali, mmoja akatia tambi. Taa zote ziliwashwa. Picha zikapigwa. Samaki wanne wa kilindini, aina wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, ambao maisha yao yote hawakuwahi kuona kitu kikubwa kuliko kaa, waliingia kwenye makombe yao kama risasi inavyoingia kwenye bunduki, na hawakutoka.

Bi Mwavita alilala akitabasamu. Sherehe ilifana.

Siku ya pili, tambi zikiwa zimevimba juu ya maji na Karani likisoma taarifa yake kila saa, ndipo alipoketi akajiuliza swali ambalo yeye, kati ya watu wote, hakupaswa kuchelewa kujiuliza. Yeye ni somo. Amewafunda na kuwatoa mabibi harusi wasiohesabika wa mji huu. Je, siku ya kwanza ya fungate huwa anamfunulia mwali mlango, apigiwe dufu usoni, apigwe vidole na kulishwa tambi na wapangaji wote?

"Loh," akasema peke yake. "Nimewafanyia nini hawa?"

Akatoa uchafu kwa kichujio cha chai, kimoja kimoja. Akazima taa. Akalifunika tangi kwa kanga nyepesi pande tatu, akauacha upande wa ukutani. Na kisha akafanya jambo lililomuuma kuliko kung'olewa jino: akafunga mlango wake.

Hakika hakufikiria yatakayofuata. Mlango wa Bi Mwavita haujawahi kufungwa mchana tangu jumba lijengwe. Watu waliopita waliuona, wakatazamana, wakashusha sauti. Nusu saa haikwisha, mikeka imetandikwa ujiani. Mtu akaleta sukari, mwingine mchele. Wanaume wakakaa upande wao na kuuliza kwa upole maziko ni saa ngapi. Bi Kashindi, aliyekuwa hajui kafa nani, alikuwa amekwisha anza kulia ili asije akapitwa.

"Hajafa mtu!" Bi Mwavita akatoa kichwa. "Ni samaki! Wanaona haya!"

"Samaki kafa?" mzee mmoja akauliza.

"Hawajafa! Wanaona haya, babu! Nendeni!"

Waliondoka, lakini kwa kelele ya watu waliokwisha tayarisha uso wa msiba wakanyimwa msiba. Sukari aliirudisha. Mchele ulisahauliwa, akaupika.

*

Sasa ilikuwa siku ya tatu, saa nane kasoro, na kitufe kilikuwa pale.

Kiko chini ya tangi, cha buluu, kimefunikwa kifuniko chembamba. Kituliza, ndilo jina lake. Ukikibonyeza, mlio usiosikika na binadamu unapita majini, na ile pembe ya ubongo wa samaki inayojua kuogopa inalala. Wala si usingizi wa usiku mmoja. Ni wa moja kwa moja. Bodi ilikiweka kwa ajili ya samaki waliojeruhiwa. Lakini sheria haikusema "usibonyeze," na watu wetu mlango usioandikwa "usipite" huwa wanapita wawili wawili.

Jumba la jirani walipita. Mashahidi wao walitoka makombeni dakika ile ile, wakazunguka tangi kama watoto wa Idi, na watu wakasema kumbe mambo ni rahisi. Miezi sita baadaye mafuta ya mtambo yakavujia bombani. Maji yakaja na rangi ya chai. Samaki wakaendelea kucheza ndani ya mafuta, taa kijani, Karani wao akisoma "hali ni shwari," na jumba zima likanywa. Wodi ya watoto ikajaa. Bi Mwavita alikisimulia kisa hicho mara nyingi kuliko mtu yeyote, kwa mikono na macho, hadi kwenye kile kipande cha mwisho ambapo samaki wanacheza, wanacheza tu.

Mlango ukagongwa kwa kucha moja. Alikuwa Bi Kashindi, bila ufagio.

"Shoga."

"Ingia. Polepole."

Bi Kashindi akakaa ukingoni mwa kochi. Hakuanza na umbea, na hapo Bi Mwavita akajua jambo ni zito.

"Mwanangu ana siku ya nne tangu ajifungue," Bi Kashindi akasema. "Namkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Ndoo tatu kila mara. Mtoto naye anaoshwa. Maji yakifungwa nitayatoa wapi, shoga? Nitapanda nayo kutoka bomba la sokoni, mimi na magoti haya?"

"Nitakusaidia kubeba."

"Wewe na magoti hayo?"

Wote wawili wakayatazama magoti yao.

"Mimi si Almasi," Bi Kashindi akaendelea. "Mimi sikufokei. Nakuomba tu. Hao ni samaki, Mwavita. Wakisahau kuogopa si wanapata raha? Nani asiyetaka kusahau kuogopa?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Bi Mwavita akainama, akakifungua kifuniko. Kidole kikafika juu ya kitufe, kidole kilichokwisha paka hina mikono ya nusu ya mji.

"Nimekaa na mabibi harusi wengi," akasema mwishowe. "Wengine wanatetemeka hadi kitanda kinalia. Mama zao wananiambia, mpe kitu cha kunywa, somo, alale, asijue kitu. Sijawahi kumpa hata mmoja. Hofu ya mwali si ugonjwa, Kashindi. Ile hofu ndiyo itakayomwambia kesho kama kaingia nyumba nzuri au mbaya. Nikiinyamazisha leo, kesho akipigwa atacheka."

"Mwanangu je?"

"Mwanao na mjukuu wako ndio watakaokunywa haya maji. Nataka yakiharibika, awepo wa kuyaogopa."

Akakirudisha kifuniko. Bi Kashindi akainuka bila kuaga, na kwa watu wawili walioagana mara kumi kwa siku kwa miaka ishirini, hilo lilikuwa tusi kubwa kuliko yote ya Almasi.

Saa tisa kamili, taa ikawa nyekundu. Mahali fulani ukutani koki kuu ikajifunga, gudu.

"Maji yamefungwa," Karani akasema. "Bodi inawashukuru kwa ushirikiano wenu."

*

Jumba likalipuka. Milango, ndoo, majina. Jina la Bi Mwavita lilipita ghorofa zote sita, na mara hii hakuwepo mtu wa kumletea habari limesemwaje. Alijimiminia chai, akaweka kikombe kwenye rafu ya tangi, akakaa kusubiri kutukanwa.

Kitu cha kwanza alichokiona ni mkia.

Kisha samaki mzima akatoka kombeni, wa rangi ya mchanga, na mistari ya fedha mashavuni. Akasimama majini. Akatazama kulia, akatazama kushoto, mfano wa mtu anayetoka bafuni akiwa na taulo. Akatoka wa pili. Wa tatu na wa nne wakatoka pamoja, wakaanza mara moja kugombea kombe.

Taa ikawa ya kijani. Koki, gudu.

"Yamekuja!" jumba likapiga kelele.

Na hapo hapo, kama waliopigwa kofi, samaki wote wanne wakaingia makombeni.

Dakika tano. Nyekundu. Gudu.

"Yamekatika!"

Samaki wakatoka. Kijani. Gudu. "Yamekuja!" Samaki wakaingia. Dakika tano. Nyekundu. "Yamekatika!" Watu walikuwa wanakimbia na ndoo mbele na nyuma. Ghorofa ya tano mtu alikuwa amenaswa na sabuni usoni kwa awamu ya tatu na sauti yake ilikuwa inazidi kukata tamaa. Hata Karani lilichoka. Lilianza kusema "maji ya—" likakatishwa na lenyewe.

Kelele, basi, si tatizo, Bi Mwavita akawaza. Jumba linalia kama sokoni, na samaki wanatoka. Wanachokikimbia kinakuja na maji.

Mara hii hakuwatazama samaki. Alikitazama kikombe cha chai. Taa ikawa ya kijani, koki ikafunguka. Na juu ya chai, vikatokea viduara vidogo, kimoja ndani ya kingine, vikitetemeka bila kukoma. Akaweka shavu kwenye kioo. Kilikuwa kinakoroma kwa ndani kama paka. Akaweka shavu ukutani. Ukuta nao unakoroma. Akafuata ule mkoromo kwa kiganja, chini, chini, hadi sakafuni.

Chini ya sakafu yake palikuwa na chumba kimoja tu.

Alimkuta Almasi amechuchumaa nyuma ya pazia la mashuka, kakumbatia kitu kilichofunikwa taulo. Kitu kilikuwa kinakoroma.

"Funua," Bi Mwavita akasema.

"Ni jiko."

"Jiko gani linavuta maji, Almasi? Funua."

Ilikuwa pampu. Mpya, ya buluu, imefungwa kwa mkanda wa chuma kwenye bomba kuu lenyewe, ikivuta maji kila yanapofunguka ili yawahi kwa dobi kabla hayajapanda juu. Kila ilipovuta, bomba lilitetemeka. Bomba likatetemesha ukuta, ukuta ukatetemesha tangi. Sisi tunaoishi hewani hatusikii kitu. Wao walikuwa ndani ya ngoma.

"Uliifunga lini?"

Almasi akatazama ndara zake. "Zile siku tisa."

"Wakati shahidi hayupo."

"Hoteli walisema nikichelewesha tena wanampa dobi mwingine, Bi Mwavita. Na ninyi wa juu mkifungua mabomba yote, kwangu yanakuja kama machozi—"

"Na ukapanda kwangu. Siku tatu. Ukanifokea nizime akili za viumbe wa Mungu kwa sababu wanakusema."

Pampu ikazimika yenyewe. Maji yalikuwa yamekatika tena. Juu, ghorofa ya tano, mtu wa sabuni alipiga ukelele mrefu wa huzuni.

"Usiwaambie," Almasi akasema kwa sauti ndogo. "Nitaifungua sasa hivi. Wewe usiwaambie tu. Nitahamia wapi?"

Bi Mwavita alikihisi kisa chote kikikaa kwenye ulimi wake: mashuka, taulo, "ni jiko." Kilikuwa kitamu hadi mate yakamjaa. Hajawahi kupata kisa kama hiki, na hatapata kingine.

"Nikisimulia mimi," akasema, na kila neno lilimgharimu, "kitanoga. Unanijua. Kitanoga mno, na watoto wako watakuja kukisikia kwa wajukuu zangu. Kwa hiyo mimi nitafunga mdomo. Lakini panda ukaseme mwenyewe. Kwa maneno yako mabaya hayo hayo, kisinoge."

*

Pampu ilipofunguliwa, samaki walitoka na hawakurudi. Taa ikakaa kijani. Ndoo zikajaa. Bi Kashindi alijaza ndoo tatu, akamkanda mwanawe, kisha akavuka ujia, akasimama mbele ya Bi Mwavita, akasema, "Haya, shoga," na ikawa yamekwisha.

Jioni ile watu walikusanyika tena ujiani, kwa vidole vya miguu, wakichungulia mmoja mmoja kupitia mlango ulio wazi nusu. Hakuna aliyebisha kioo. Kila mmoja alitaka kujua imekuwaje, na Bi Mwavita alikuwa anasema "waliona haya tu, wamezoea," huku akijishika shavu kama mwenye jino bovu.

Almasi akapanda ngazi, pampu mkononi. Akaiweka chini katikati ya watu, akasema yote. Alisimulia vibaya, alianza mwisho, akarudi mwanzo, akasahau taulo, ila lile jiko alilitaja. Lakini walielewa.

Na ikawa matusi ambayo Ujiji haijawahi kuyasikia, maana hakuna aliyeyasikia vizuri: yalinong'onwa. Watu walimtukana kwa pumzi, mishipa imetoka shingoni, mkono mmoja ukimwonyesha na mwingine umeziba mdomo wasije wakawatisha mashahidi. "Mwizi wa maji wewe!" kwa mnong'ono. "Papa mkavu wewe!" kwa mnong'ono. Mtu wa ghorofa ya tano, macho bado mekundu kwa sabuni, alijaribu kufoka, wote wakamgeukia: "Shhh!" Bi Kashindi, aliyekaribia kupanda na ndoo tatu kwa magoti yake, alimwinulia Almasi ufagio, akauzungusha hewani kimya kimya, fyu, fyu, bila kumgusa.

Almasi aliinamisha kichwa, akayapokea yote. Alipoona yanapungua, akageuka kuzishuka ngazi, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kufika.

"Unakwenda wapi?" Bi Mwavita akanong'ona.

"Chini."

"Kula nini? Mkeo yuko kwao Kasulu, na jiko lako tumekwisha liona."

Watu wakacheka kwa pua. Bi Mwavita akausukuma mlango, ukafunguka wote hadi ukutani. Ndani, juu ya mkeka, kulikuwa na ugali wa muhogo unaofuka, maharage ya mawese, na nafasi. Hakupika samaki, si vizuri kula samaki mbele ya mashahidi.

"Vua viatu," akamwambia. "Ingia ule. Hawajamaliza kukutukana hawa, na mtu hatukanwi akiwa na njaa."

Akasogea pembeni kumpisha, kisha akawatazama wengine wote pale ujiani, wamesimama na ndoo zao.

"Na ninyi je? Mnangoja kadi?"